Baltazari Hakusema Hivyo

Suruali ya Pancras ilipasuka siku ya gulio, katikati ya Kasulo, saa nane na nusu mchana, na haukuwa mpasuko wa kufunika kwa kiganja. Alikuwa anaruka kutoka nyuma ya lori la ndizi lililompa lifti kutoka Ngara mjini. Msumari wa ubavuni ukamdaka, na alipotua chini akasikia upepo mahali ambapo upepo hauna kazi. Watu wa gulio hawana huruma na mambo kama hayo. Muuza dagaa mmoja akamuuliza kama anauza dirisha.

Pancras akarudi kinyumenyume mpaka kwenye kibaraza cha duka la kwanza aliloliona. Alikuwapo hapo msichana na cherehani ya mkono. Alivaa gauni la kitenge cha njano, shingo ya mraba, limemkaa vizuri kiasi kwamba usingeuliza nani kalishona. Kichwani kilemba cha kijani, na kifuani sindano tatu zimechomekwa katika mstari ulionyooka.

"Dada, nisaidie haraka. Nina kazi saa tisa."

"Salamu kwanza."

"Habari za mchana."

"Nzuri. Haya, geuka nione."

"Sigeuki."

"Sasa nishone nini, kivuli?"

Akamrushia kitenge chenye picha za kuku, akamwonyesha magunia ya mchele nyuma yake. Pancras akaingia huko akavua, akajifunga kitenge, akatoa suruali kwa mkono mmoja mithili ya mtu anayetoa sadaka ndogo.

"Usitoke nje na hicho kitenge," msichana akasema bila kuinua macho. "Watu watasema umeolewa."

"Na mume atakuwa nani?"

"Labda yule wa dagaa. Amekuangalia sana." Gurudumu la cherehani likazunguka. "Kazi gani hiyo ya saa tisa?"

"Natafsiri. Kwa Celestini, banda la video."

Gurudumu likasimama. "Ile sauti ni wewe? Nakusikia kila Jumamosi kupitia bati. Nilijua ni mtu mzima mwenye tumbo."

"Umesikitika?"

"Bado nafikiria," akasema, kisha akacheka, na Pancras, aliyekuwa amekaa juu ya gunia na kuku wa kitenge magotini, akasahau kwamba saa tisa ilikuwa inakaribia.

Msichana aliitwa Nimpaye. Alitoka kambini kwa kibali cha siku, Jumanne na Jumamosi, na kibali kilimtaka awe amerudi kabla ya saa kumi na mbili. Ulikuwa mwaka elfu mbili na saba. Mabasi yalikuwa yanawarudisha Warundi kwao, kambi zinapungua, na wale wachache waliokimbia tangu mwaka sabini na mbili walikuwa wameambiwa kuna nchi ya mbali ng'ambo ya bahari itakayowapokea. Mama yake Nimpaye, Speciosa, alikuwa mmoja wao. Alivuka mpaka akiwa binti mdogo, akazalia Rwanda, akafiwa na mume, akakimbia tena mwaka tisini na nne mpaka Ngara, na sasa alikuwa na mabinti watatu chini ya turubai moja. Nimpaye ndiye mkubwa, miaka ishirini na miwili.

Pancras yeye alikuwa Mhangaza wa Nyakisasa, mtoto wa mkulima Mkatoliki, mwenye Kiingereza cha seminari aliyoiacha njiani. Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo shirika moja lilimwajiri kuwa mkalimani wa mahojiano kambini, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi aliutumia ulimi huohuo kwa Celestini.

Na kwa Celestini habari ilikuwa Baltazari.

Tamthilia yenyewe ilionyeshwa kwenye televisheni usiku wa siku za kazi, na marudio ya wiki nzima Jumamosi mchana. Banda lilikuwa la mabati, mabenchi ya mbao, joto, harufu ya karanga na ya miguu. Waigizaji walisema Kiingereza. Pancras alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akawasemea kwa Kiswahili, akitia Kirundi pale watu walipotakiwa kulia. Baltazari alikuwa msimamizi wa shamba la kahawa. Tajiri alipotaka kuwafukuza wafanyakazi na familia zao, Baltazari aliziiba hati za shamba akazichoma, akafungwa kwa ajili yao. Mtu mzuri, utasema. Lakini Baltazari huyohuyo alimpenda Eulalia, ambaye mchumba wake alikwenda kutafuta maisha mbali, na kwa miaka minne Baltazari alizipokea barua za yule mchumba posta akazificha chini ya godoro, mpaka Eulalia akaamini mwenzake amekufa, akaanza kumgeukia yeye.

Steling au adui? Kasulo nzima iligawanyika kama ni shujaa wa picha au mbaya wake. Mzee Ndayisaba, mshona viatu, alisema, "Baritazari ni adui, na adui hufa mwishoni, mtaona." Wanawake wa sokoni walimwambia mzee hajawahi kupendwa ndiyo maana.

Jumamosi iliyofuata Nimpaye aliifunga cherehani saa tisa kasoro, akaingia bandani kwa mara ya kwanza. Walipotoka Pancras alimsindikiza hadi kwenye kizuizi cha kuingilia kambini.

"Wewe unasemaje?" akamuuliza. "Steling au adui?"

"Steling. Ameokoa watoto wote wale. Barua ni karatasi tu."

"Mwizi wa barua ni mwizi."

"Wewe una roho ngumu, Bwana Tafsiri."

"Mimi nasema ukweli. Angemwambia tu: nakupenda, chagua. Sasa amemchagulia."

Alilisema kwa wepisi, kwa sababu wakati ule hakuwa na kitu chini ya godoro lake. Kuhukumu ni kazi rahisi sana kwa mtu aliyeshiba.

Basi mapenzi yakaota. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Pancras alianza kupasua vitu ambavyo havikuwa na sababu ya kupasuka: kola, mfuko, mara moja mkono mzima wa shati. Nimpaye alishona bila kuuliza. Siku ambazo hakuwa na kibali alikwenda kibandani kwa jirani mwenye betri ya gari, akaazima simu, akabipu mara mbili. Pancras alitoka nje ya ofisi na simu yake ya tochi, akapiga.

"Fundi wangu."

"Mkalimani wangu. Umekula?"

"Nimekula. Maharage yenye mawe."

"Njoo Jumamosi nikupikie yasiyo na mawe. Nitaomba jiko la mama mwenye duka."

"Nimpaye."

"Abee."

"Hakuna. Nilitaka kulisema jina."

"Utamaliza salio kwa kutaja majina," akasema, lakini hakukata simu.

Kitu kimoja tu hawakukizungumza. Kila mmoja alijua faili la Mama Speciosa liko ofisini. Pancras aliliona kwenye orodha ya wiki iliyokuwa inakuja, na hakumwambia. Nimpaye aliogopa kulitaja akidhani Pancras atakasirika, Pancras aliogopa kumuuliza kama atakwenda, maana alishajipa jibu mwenyewe. Nani aache Amerika kwa ajili ya mtafsiri wa banda la video?

Kanuni za mkalimani zilikuwa zimebandikwa ukutani, na Pancras alizijua kama Baba Yetu. Usimtafsirie ndugu, rafiki wala adui. Sema mapema, utapumzishwa. Anaposema mtu "mimi", nawe sema "mimi". Kila kinachosemwa chumbani kinatafsiriwa. Usiongeze, usipunguze.

Asubuhi ile ya Jumatano Speciosa aliingia peke yake, kwa kuwa siku hiyo walitaka mkuu wa kaya tu. Alikuwa mwembamba, amevaa vitenge viwili vilivyofuliwa mpaka vikasahau rangi zao, na rozari shingoni. Hakuwa amewahi kumwona Pancras. Alimsikia tu kwa jina la utani, Bwana Tafsiri. Pancras alipaswa kunyanyua mkono hapohapo. Hakunyanyua. Alisema, "Shikamoo mama," naye akajibu, "Marahaba mwanangu," na kazi ikaanza.

Maswali mengi yalikwenda sawa. Tarehe, mito, vijiji, makaburi. Pancras alitafsiri neno kwa neno. Kisha afisa, mama mmoja mgeni mrefu mwenye nywele fupi, akafungua ukurasa mwingine akauliza: huyu binti mkubwa ameshavuka miaka ishirini na mmoja. Je, anakutegemea, na anasafiri nawe?

Speciosa akajibu kwa Kirundi, taratibu. "Tunakula chungu kimoja. Hana mume, hana nyumba. Bila yeye siondoki."

Pancras akafungua mdomo. Alichokisema kwa Kiingereza ni hiki: "Ana mchumba hapa, wanakaribia kuoana. Atabaki. Nimekubali."

Sentensi tatu, kwa sauti ileile, bila kutetemeka. Afisa akaandika. Speciosa akainamisha kichwa kwa adabu, akiamini maneno yake yamefika. Pancras akaiona kalamu ikikata mstari mahali fulani kwenye karatasi. Angeweza kusema hapohapo, samahani, nimekosea. Sekunde moja ilimtosha. Ikapita, ikaja ya pili, na swali lililofuata lilihusu chanjo za wadogo zake.

Orodha ilibandikwa mwezi mmoja baadaye. Nimpaye alibipu mara tano mfululizo. Pancras alipopiga alisikia pumzi tu.

"Nimpaye? Sema na mimi."

"Mama yumo. Wadogo zangu wamo. Mimi simo."

"Simo" hiyo ilimwingia Pancras akabaki amesimama nyuma ya ofisi, kipaji cha uso kwenye ukuta.

"Labda ni umri," Nimpaye akasema. "Watu wanasema ukivuka miaka fulani wanakukata. Wazungu wana mahesabu yao. Mama anasema haendi. Nimemwambia aende, wadogo wasome. Nimemwambia nina wewe. Nina wewe, si ndiyo?"

"Ndiyo. Unaye Pancras."

"Basi Mungu anajua alichofanya."

Mungu hakuwa ofisini siku ile, Pancras alitaka kumwambia. Akamwambia alale, kesho watazungumza.

Kuanzia hapo kila wema aliotendewa ulimchoma. Speciosa alimwita kambini. Alipomwona alishtuka kidogo, "Kumbe ndiye wewe," akafurahi, akaona ni dalili njema kwamba mkwe wake ndiye aliyempelekea maneno yake kwa wageni. Alimkalisha kwenye kigoda pekee kilichokuwapo, akampa ugali wa muhogo na mboga ya lengalenga.

"Mwanangu," akamwambia, "nilikimbia mara mbili na sikuacha mtoto njiani hata mmoja. Safari hii namwacha mmoja, na namwacha mkononi mwako. Leteni posa kabla sijaondoka, nijue nimemwacha kwa watu."

Mchawi mpe mwana kulea, walisema wahenga. Pancras alikula lile tonge likakwama. Nimpaye alimpiga mgongoni huku akicheka na machozi yakimtoka, yote kwa pamoja.

Huko Nyakisasa baba yake Pancras akavundika ndizi za pombe ya posa. Jumapili ikapangwa. Na kwenye ubao wa ofisi kulikuwa na tarehe nyingine ambayo Pancras aliipita kila asubuhi kama mtu anayempita mdai wake: mwisho wa rufaa kwa waliokatwa ni Ijumaa, siku mbili kabla ya posa. Baada ya Ijumaa hiyo faili lingefungwa, mama angepanda ndege na wadogo wawili, na lingekuwa limekwisha.

Alimweleza Celestini peke yake. Celestini alikuwa mtu wa kuzibua spika na kuzungumza bila kugeuka.

"Nyamaza," akasema. "Umuoe. Akizaa watoto wawili nani atakumbuka ndege?"

"Mama yake atakumbuka."

"Mama yake atakuwa Amerika."

"Ndiyo hilo ninalosema, Celestini."

Celestini akapuliza vumbi kwenye spika.

Jumamosi ile, siku sita kabla ya rufaa kufungwa, banda lilijaa hadi watu wakakaa juu ya makreti ya soda. Ilikuwa sehemu iliyosubiriwa: Eulalia amezikuta barua. Anazo mkononi, amefunga kitambaa cheusi kichwani, anamuuliza Baltazari kwa nini. Kamera ikamsogelea Baltazari, jasho kwenye ndevu. Akasema maneno machache tu.

Nimpaye alikuwa benchi la mbele, gauni jipya la bluu alilojishonea kwa ajili ya posa, bado lina chaki ya fundi pindoni. Alikuwa amekonda. Wiki tatu hizi alikuwa amebadili upande. Alisema anamfikiria yule mchumba wa mbali anayeandika barua na kungoja majibu, na hamtaki tena Baltazari.

Pancras akashika kipaza sauti. "Eulalia," akasema kwa sauti nzito ya Baltazari, "nilizificha ili nikulinde. Yule angekuumiza. Niliyachukua maumivu nikayaweka kwangu."

Wanawake wakaguna. Mmoja akafuta macho kwa ncha ya khanga.

Nimpaye akageuza uso polepole, akamtazama Pancras, si televisheni.

Nje, watu walipotawanyika wakibishana, hakumpa mkono. Alisimama kando ya ukuta wa bati, mahali pale pale alipokuwa akimsikiliza zamani.

"Baltazari hakusema hivyo," akasema.

"Nini?"

"Nimesoma Kiingereza kambini, Pancras. Kidogo, lakini yale yalikuwa maneno ya darasa la kwanza. Alisema, nilizificha kwa sababu nilikutaka. Basi. Mambo ya kukulinda na maumivu umeyatoa wapi?"

"Watu wanapenda..."

"Wiki iliyopita pia ulimwongezea. Na iliyotangulia. Mwanzoni ulikuwa unamwita mwizi. Leo unamtetea mpaka unamtungia maneno. Amekufanyia nini Baltazari?"

Pancras alitazama vumbi. Lori lilipita likielekea Rusumo, na alitamani liwe refu, lisiishe kupita. Likapita.

"Mama alisema nini siku ile?" Nimpaye akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka sana. "Ulikuwa wewe. Yeye ameniambia alichosema. Nataka nisikie wewe ulisema nini."

Akamwambia. Zile sentensi tatu, kwa Kiingereza kwanza, kisha kwa Kirundi, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kuzisema.

Nimpaye hakulia. Alichomoa sindano moja kutoka kifuani mwa gauni, akaichomeka tena palepale, kama mtu aliyesahau alichotaka kushona.

"Nilikuwa nasema steling," akasema, "kwa kuwa hazikuwa barua zangu."

"Nimpaye, mpenzi, nilikuogopa. Niliogopa utaondoka. Nakupenda, najua haisaidii, lakini..."

"Mama anakuita mwanangu. Amekupa kigoda." Akachukua cherehani yake akajitwika kichwani. "Usinisindikize."

Kuanzia siku hiyo Pancras hakubipiwa tena. Alipopiga kibandani, mwenye simu alijibu kwa uchovu, "Amesema hayupo." Jumapili kanisani Pancras alifika kwenye maneno ya nimekosa mimi, nimekosa sana, mkono ukakataa kugonga kifua. Alijua anachopaswa kufanya, na alijua gharama yake. Bila neno lake, rufaa yoyote ya Speciosa ingekuwa kauli ya mkimbizi dhidi ya karatasi, na karatasi ndiyo iliyokuwa ikiaminiwa. Kwa neno lake Nimpaye angepata ndege. Kwa kimya chake huenda, huenda tu, hasira ingepoa, na mwanamke asiye na mama wala pa kwenda angerudi kwake. Wazo hilo la mwisho lilimtembelea usiku kucha, na asubuhi alilionea aibu kuliko yote.

Jumatatu aligonga mlango wa afisa kabla ya chai. Akaeleza. Afisa alivua miwani, akamsikiliza mpaka mwisho, akavaa tena.

"Unajua kwamba leo ndiyo mwisho wako hapa?"

"Najua."

Afisa akamtuma dereva kambini akawalete mama na binti. Mkalimani mwingine alikuwa Kibondo mpaka wiki ijayo, na rufaa haikuweza kungoja. Afisa akagonga meza kwa kalamu, kisha akasema: binti anajua Kiingereza kidogo, atakuwa shahidi. Utatafsiri wewe. Mwambie mama huyu ulichofanya, halafu uniambie anachosema. Chote.

Wakaja. Speciosa alikuwa na rozari ileile. Nimpaye alikaa kando yake, gauni la njano la siku ya kwanza, kichwa wazi. Hakumtazama Pancras, ila alikaa mahali ambapo angemsikia vizuri. Kwa jinsi alivyokaa, Pancras alielewa kwamba mama alikuwa bado hajaambiwa. Nimpaye hakuweza, au alimwachia yeye mwenyewe aibebe kazi hiyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini? Jumapili kuna tatizo?"

Akamwambia. Alisimama, kwa kuwa kukaa kulionekana ni ujeuri. Kwa Kirundi alisema: siku ile ulisema bila binti yako huondoki. Mimi nilisema umekubali abaki. Nilisema hivyo kwa sababu nilimtaka. Hakukosea mzungu, wala si umri. Ni mimi.

Vidole vya Speciosa vilitembea kwenye shanga moja, vikarudi. Alipozungumza, hakuzungumza na Pancras. Alimgeukia afisa, na Pancras akapeleka Kiingereza nyuma ya kila sentensi, akitumia "mimi" kama kanuni inavyotaka.

"Mimi nilikimbia nikiwa na miaka tisa," Pancras alisema. "Waliomuua baba yangu walikuja mchana, na sura zao nilizijua. Huyu kijana alikuja na shikamoo. Mimi nilimpa chakula. Mimi nilimpa mtoto. Watu wa panga walinipora nyumba. Huyu aliniibia mdomo."

Nimpaye alikuwa ameinamisha kichwa, midomo yake ikifuata Kiingereza cha Pancras neno baada ya neno, akipima.

"Endelea," afisa akasema.

"Sitaki afungwe," Pancras akaendelea kwa maneno ya Speciosa. "Sitaki kumwona. Namtaka mtoto wangu."

Afisa akaandika nusu ukurasa. Kisha akamgeukia Nimpaye, akafungua karatasi mpya. Sheria ilitaka safari hii aulizwe mwenyewe, mtu mzima. Je, anakwenda na mama yake, au anabaki? Pancras alilitafsiri swali. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumuuliza, na aliliuliza kwa sauti ya mtu mwingine.

Nimpaye akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, na yalimtazama moja kwa moja.

"Nakwenda na mama," akasema kwa Kirundi.

Alikuwa na Kiingereza cha kutosha kulisema mwenyewe. Hakukitumia. Akamwachia Pancras alibebe, na Pancras akalibeba, kama lilivyo, hakuongeza, hakupunguza. Kalamu ya afisa ikaandika jina lote mpaka herufi ya mwisho. Alichokihisi Pancras alikionea aibu, maana kilifanana na nafuu.

Speciosa alikuwa tayari anasimama. Afisa alikuwa anafunga faili. Nimpaye akajiinamia mbele kidogo, akasema kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, haraka, "Hili usimwambie afisa. Ningebaki, Pancras. Kama ungeniuliza, ningebaki."

Afisa akainua kichwa. "Amesema nini?"

Pancras aliangalia zile kanuni ukutani, halafu akamwangalia Nimpaye, na akaona mama amesita mlangoni akisikiliza. Kwa miezi miwili alikuwa amemtetea kila mwongo aliyepita mbele ya kipaza sauti chake. Nimpaye hakumsaidia. Alikaa tu, mikono mapajani, akingoja kusikia atasema nini.

"Amesema," Pancras akaanza, akakumbuka, akarekebisha. "Hili usimwambie afisa. Ningebaki, Pancras. Kama ungeniuliza, ningebaki."

Afisa aliwatazama wote wawili, kisha akaliandika na hilo.